Meinswichi Ikilazwa Ubavu

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Makambako na Njombe mjini zina korido nyembamba, na mlango wa mbele husogezwa karibu na kona ili sebule ipate ukuta mrefu wa makochi na televisheni. Kati ya fremu ya mlango na kona hubaki kipande cha ukuta cha sentimita 20 hivi. Hapo ndipo fundi umeme anapoambiwa aweke meinswichi, yaani kasha la breka, kwa sababu waya kutoka LUKU unaingilia hapo na mwenye nyumba hataki kuliona kasha sebuleni. Kasha la njia nane halienei. Breka moja ina upana wa milimita 18 hivi, nane ni zaidi ya sentimita 14, swichi kuu inachukua nafasi ya breka mbili, na bado kuna kingo za kasha na nafasi ya kupindia waya. Fundi anabaki na njia tatu: ahamie ukuta mwingine, anunue kasha dogo, au alilaze kasha ubavu.

Nyumba ninayoichambua hapa iko Makambako, ya vyumba vitatu, na fundi wake alilaza. Kwa sehemu kubwa alifanya kazi ya kichwa, na ndiyo maana inafaa kuichambua. Kasha likigeuzwa, mambo matatu hugeuka nalo: mkono wa mzimaji unakoelekea, joto linakokwenda, na upande unaotazama dari. Mawili aliyafikiria mpaka mwisho. La tatu lilimponyoka.

Kwanza niondoe hofu ambayo wengi wanayo, kwamba breka iliyolala haikati umeme. Breka ya kawaida ya nyumbani ina bapa la metali mbili linalopinda likipata joto, na koili inayovuta papo hapo shoti ikitokea. Nguvu ya springi iliyomo ndani ni kubwa kiasi kwamba uzito wa sehemu zake hauongezi wala haupunguzi kitu cha maana. Breka ya 32A, iwe imesimama au imelala, inapaswa kustahimili 36A kwa saa nzima na kukata kabla saa haijaisha ikifikishwa 46A. Watengenezaji wengi huruhusu ifungwe mkao wowote. Wa kuangaliwa ni breka zinazotumia mafuta na sumaku, ambazo zimeenea sana Afrika Kusini. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachotembea kwenye mafuta, na mkao hubadilisha kiasi cha umeme kinachoikatisha. Hizo hufungwa kama karatasi yake inavyosema, bila mjadala.

Sasa mkono. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60447 kinataka kuwasha kuwe juu au kulia, na kuzima kuwe chini au kushoto. Nyumbani kwetu jambo hili tayari lina utata, kwa kuwa swichi za taa tulizozizoea kwa mtindo wa Uingereza huwashwa kwa kubonyeza chini, ilhali breka huwashwa kwa kusukumwa juu. Watu wamezoea kila kimoja mahali pake. Ukilaza kasha, mazoea hayo yanapotea, na mtu anayepapasa ukuta gizani huku soketi inafuka moshi hana muda wa kusoma vibandiko. Kwa hiyo kasha likilazwa, lazima kuwasha kuangukie kulia. Maana yake ni kuligeuza kwa mwelekeo wa mshale wa saa: kilichokuwa juu kiende kulia, kilichokuwa kulia kishuke chini.

Hapo ndipo panapouma. Katika makasha mengi ya mtindo wa Uingereza, swichi kuu hukaa mwisho wa kulia. Ukigeuza kwa mshale wa saa, swichi kuu inashuka chini kabisa. Ukigeuza kinyume ili ibaki juu, kuwasha kunakuwa kushoto. Ukipata moja unakosa jingine. Fundi wa Makambako aliliona hili kabla ya kutindua ukuta. Alilifungua kasha mezani, akaihamishia swichi kuu mwisho wa kushoto wa reli, akaipanga basibaa upya na kuikata urefu sawasawa, kisha ndipo akaligeuza kwa mshale wa saa. Swichi kuu ikapanda juu, na kuwasha kukabaki kulia. Ni kazi ya nusu saa ambayo mpita njia haioni kabisa. Inawezekana pale tu mtengenezaji anaporuhusu vifaa kupangwa upya kwenye reli, na nafasi ya swichi kuu isiwe imekatwa maalumu kwenye kifuniko. Kama karatasi ya kasha inakataa, basi kulaza kumekataliwa, na afadhali ahame ukuta.

Kwa nini alitaka swichi kuu iwe juu? Si kwa uzuri. Sababu ni hita ya maji ya kuogea. Njombe na Makambako ni nchi ya baridi, na Juni na Julai hita hiyo ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote nyumbani. Hita ya kilowati 5.5 kwenye volti 230 inavuta karibu 24A, na familia ikiwa kubwa, asubuhi inafanya kazi mfululizo mtu baada ya mtu. Kwa desturi nzuri, breka yenye mzigo mkubwa hukaa jirani na swichi kuu ili umeme mwingi usisafiri urefu wote wa basibaa. Kasha likiwa limekaa kawaida, breka zimepangana kwa mlalo na kila moja hutoa joto lake kwenda juu. Likilazwa, breka zinakuwa ngazi, na joto la aliye chini linampitia kila aliye juu yake. Swichi kuu ingekuwa chini, na hita jirani yake, breka za taa na soketi zingepashwa joto na hita kila asubuhi, na bapa zake zingeanza kupinda kabla ya mzigo wake wenyewe kufika. Baada ya miezi kadhaa mwenye nyumba angelalamika kuwa breka ya soketi inakata ovyo, na fundi mwingine angeibadilisha kwa kubwa zaidi kuliko waya wake. Moto wa nyumba unaweza kuanzia kwenye uamuzi wa namna hiyo. Kwa kuwa hita sasa iko juu, joto lake halina wa kumsumbua ila swichi kuu, ambayo haina bapa la joto. Fundi aliacha pia nafasi moja tupu chini ya breka ya hita na kuiziba kwa kifuniko chake. Hapo nampa heshima.

Mpangilio huo ungehitaji uangalifu zaidi mtu akishuka hadi Manda, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wakati Njombe mjini inakaribia mita 2,000. Breka hupimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 30. Penye baridi zaidi ya hapo hustahimili mzigo kidogo zaidi ya uliochapwa usoni pake, na penye joto zaidi hukata mapema. Mchana wa Novemba huko ziwani, chini ya bati, ndani ya kasha lililolala, breka iliyojazwa hadi ukomo itakata hata kama mahesabu ya karatasini ni sahihi. Manda ningeacha nafasi tupu zaidi, na penye nyumba ndogo isiyohitaji waringi ningeuliza kwanza kuhusu kile kifaa cha UMETA, ambacho soketi, swichi na breka zake zimefungwa pamoja tayari.

Limebaki kosa. Matundu ya kiwandani ya kuingizia waya huwa kwenye uso wa juu na wa chini wa kasha. Likilazwa, matundu hayo yanakuwa ubavuni. Waya za nyumba hii zinashuka kutoka darini, na fundi akatoboa tundu jipya upande uliokuwa wa kushoto, ambao sasa unatazama juu. Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo waringi wetu umerithi mengi kutoka kwazo, zinataka uso wa juu wa kasha usipitishe hata waya wa milimita moja, ilhali pande nyingine inatosha zisipitishe kidole. Sababu ni kwamba vitu huanguka kutoka juu: vumbi la jipsamu, vipande vya waya, sisimizi, hata mjusi anayefuata joto. Huku nyanda za juu kuna maji pia. Usiku wa baridi, unyevu wa ndani hugeuka matone chini ya bati na kudondoka, na paipu inayoshuka wima hadi ndani ya kasha huyaongoza matone moja kwa moja kwenye swichi kuu.

Dawa yake si kuvunja kazi. Kimo cha kasha hilo kabla ya kulazwa kilikuwa sentimita 15, kwa hiyo ndani ya zile 20 bado kulikuwa na nafasi ya kushusha paipu ya milimita 20 kando ya kasha hadi chini ya usawa wa tundu la kiwandani, kisha kuipindisha iingie ubavuni ikipanda kidogo, na kutoboa kitundu kwenye kona ya chini ya paipu ili maji yatokee hapo. Tundu la juu lizibwe kwa plagi yake ya kubana, si kwa utepe. Kulia ndiko ziliko skurubu za kutokea za breka, kwa hiyo hata waya zingekuwa fupi na zilizonyooka. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, umeme ukiwa umezimwa kwa upande wa LUKU, kwa maana swichi kuu ikizimwa, waya unaoiingia bado una moto.