Rafiki: madirisha mingi, nafasi kidogo

Bandugu, tangu 2018 batu banazungumuza Rafiki, filime ya Wanuri Kahiu, juu ya mapendo ya babinti babili tu. Kenya iliikataza, Cannes iliipokea, filime ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kule. Mi niko agronomu, niliangalia nyumba.

Mu Slopes, kartie ya etaje mu Nairobi, bavijana beko na uwanja ya kandanda. Kena anaingia mule juu anajua kucheza nabo. Lakini akitaka kuzungumuza na Ziki, hakuna fasi: ku kioski ya Mama Atim kila mutu anasikia, ku madirisha kila mutu anaona. Njo banajificha mu gari ya zamani yenye kufa. Hata pale batu banabafikia na kubapiga.

Hapa sikubaliane na filime. Inamufanya Mama Atim kuwa mwenye mudomo mubaya, na inaishia pale. Mi naona kartie yenyewe inakomalisha masengenyo. Mahindi ikipandwa karibu-karibu, husemi shina moja njo mubaya, unapima nafasi.

Kwetu Lubumbashi, mu Katuba, binti anaweza kupata muti ya maembe mu parseli. Haiko paradiso, mama anaona yote, lakini kuna kivuli ya kukaa na rafiki. Leo parseli zinakatwa vipande-vipande. Bale banachora plani baulize kwanza: binti wa miaka 17 atakaa wapi bila kujificha?