Peponi Mbili na Gesti ya Msambweni

Ukimwambia mtu wa Ukunda kwamba ulikuwa hotelini, atakuuliza ulikula nini. Hoteli kwetu ni chai, mahamri, mbaazi za nazi, na pilau siku ya Ijumaa; halali mtu pale. Ukitaka kulala unauliza gesti, au loji. Na ukitaka kulala mbele ya bahari huku umefungwa ukanda wa plastiki mkononi, hiyo ni resoti, na swali linalofuata ni nani aliyekulipia. Maneno matatu, matabaka matatu. Kamusi haikwambii hivyo, ila makanga wa matatu za Likoni anajua: anayeuliza gesti anashushwa stejini na kusahauliwa, anayeuliza resoti anaitiwa tukutuku na kubebewa begi.

Nayasema haya kwa sababu ya swali la kifasihi lililonikaa rohoni muda sasa. Pwani ya kusini, kutoka Likoni hadi Vanga, imeandikwa na kupigwa picha sana. Lakini zile kazi zilizofika mbali, ambazo mtu wa Vienna au Zurich anazijua, zimelala resoti. Corinne Hofmann, Mswisi aliyeandika Die weiße Massai (1998), alimwona mume wake wa baadaye kwenye feri ya Likoni akiwa mtalii. Kitabu kikauzwa kwa mamilioni, na mwaka 2005 kikawa filamu. Sina mengi ya kusema juu yake. Ni kitabu cha mtu anayejitazama. Iliyonikalisha chini ni nyingine, Paradies: Liebe ya Ulrich Seidl wa Austria, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2012. Jina hilo ukilileta kwetu ni Peponi: Mapenzi.

Teresa, mama wa makamo, anakuja likizo pwani ya Kenya. Kwenye mchanga mbele ya resoti yake kuna kamba. Upande huu wazungu wamejilaza safu safu. Upande ule vijana wamesimama kimya, wanangoja. Ukivuka kamba tu unazingirwa: mikufu, safari ya boti, pikipiki, mapenzi. Teresa anavuka, anampata Munga (anaigizwa na Peter Kazungu), anampenda au anadhani anampenda, halafu shida zinaanza kuja moja moja na kila moja ina bei yake: mtoto mgonjwa, shule, dadake Munga ambaye kumbe ni mkewe.

Ile kamba ni ya kweli, na Seidl anastahili sifa kwa kuiacha kamera imesimama mbele yake muda mrefu hadi mtazamaji aone haya. Ukitembea Diani utaona kuta zinazofanya kazi ileile. Barabara ya bichi inakwenda sambamba na bahari, resoti upande wa maji, na mwenyeji anayetaka kuoga baharini anatafuta kichochoro kati ya ukuta na ukuta. Mbega wa Diani wana madaraja yao ya kamba juu ya barabara hiyohiyo, wamefungiwa na Colobus Conservation ili wasigongwe na magari. Nawaonea wivu kidogo. Na Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema wazi kwamba ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kamba haijasoma Katiba.

Lakini mapenzi ya Teresa hayafanyiki resoti, si ndiyo? Yanapelekwa kwenye vyumba vya kukodi, kitanda, chandarua, kuta tupu. Na hapa ndipo ninapogombana na Seidl. Kamera yake inajulikana kwa kutulia na kutazama, ila ndani ya chumba cha bei nafuu inatazama miili na kuta tu. Haina haja na mwenye chumba. Shuka ile imefuliwa na nani? Pesa zimelipwa kaunta gani, na aliyezipokea aliwaza nini alipomwona Teresa akipanda ngazi? Kwa filamu, chumba rahisi ni dalili ya ubovu wa shughuli nzima, basi. Resoti ni jamii nzima yenye sheria, wafanyakazi, wageni na mizaha yao ya baa. Gesti ni godoro.

Sasa vuka nami mpaka wa Lunga Lunga, uingie Tanganyika ya Wajerumani, kwenye Peponi ya pili. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka mwaka 1994. Tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Watu wanapoizungumzia wanakimbilia msafara wa kwenda bara, bustani ya tajiri, askari wa Kijerumani mwishoni. Wanasahau inapoanzia. Babake Yusuf anaendesha hoteli ndogo katika mji wa Kawa. Mji huo ulipata uhai reli ilipokuwa ikijengwa. Reli ilipokwisha, uhai ukafuata reli. Hoteli ikabaki, na deni likabaki. Anayedai ni tajiri Aziz, ambaye mtoto anamwita ami, anayekuja nyumbani, anapikiwa vizuri, na kumwachia kijana sarafu akiondoka. Siku moja anaondoka na kijana mwenyewe. Yusuf ni rehani.

Gurnah haelezi sana vyumba vya hoteli ile. Hahitaji. Anajua nyumba ya wageni ni hesabu kabla ya kuwa mandhari: kitanda kisicholaliwa usiku huu ni pesa ambayo haitarudi kesho, na mwenye vitanda vitupu atakopa, na aliyekopa ana mtoto. Riwaya nzima inatoka humo. Nikiziweka Peponi hizi mbili kando kwa kando, ya Seidl inajua nani anamtamani nani, ya Gurnah inajua nani anamdai nani, na kwa maoni yangu la pili ndilo linaloifungua pwani hii.

Manake Kawa tunazo nyingi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipoanguka mwaka 1988, mji ulioishi kwa mirija ya miwa ulibaki unaitazama barabara. Base Titanium ilichimba mchanga wa Kwale kwa miaka kumi na zaidi, ikapeleka madini bandarini Likoni, kisha Desemba 2024 ikasimamisha uchimbaji kwa sababu madini yamekwisha. Mtu aliyeongeza vyumba akitegemea mafundi na madereva wa mgodi anahitaji mwandishi, si mpiga picha.

Nimelala gesti Msambweni usiku tatu mwaka jana. Jina lake naliweka. Chumba ni Sh1,000 ukikubali bafu la nje. Feni ina namba tano lakini inazunguka kwa moja tu. Maji ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu, unatoka bafuni huna hakika kama umeoga. Ndara za mpira zimekatwa kipande kisiginoni ili zisiibwe, moja ya bluu, moja ya kijani. Mlangoni kumebandikwa karatasi: mgeni atoke saa nne asubuhi, hairuhusiwi kupika chumbani, usimamizi hautawajibika kwa mali isiyoachwa kaunta, wageni wa wageni waandikishwe. Hiyo ya mwisho naipenda sana. Wageni wa wageni. Kaunta kuna kitabu kirefu cha safu zilizopigwa kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Nilikisoma kichwa chini huku nikingoja ujumbe wa M-Pesa uingie. Mwalimu aliyekuja kusimamia mtihani. Muuzaji wa sabuni wa kampuni fulani, vyumba viwili. Watu wa mazishi. Mfanyabiashara wa samaki anayekwenda Shimoni. Na wengi, wengi kabisa, safu ya unakokwenda wameandika neno moja: hospitali.

Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, kwa hiyo gesti za mji ule ni wodi ya jamaa. Asubuhi ya pili nilimkuta kaunta mama mmoja wa makamo, leso mbili, mfuko wa chupa ya uji. Mgonjwa wake alikuwa hajaruhusiwa, pesa zake za usiku tatu zilikuwa zimekwisha. Kijana wa kaunta hakumfokea. Alimwambia, "Mamangu, mimi nimeandikwa tu hapa, ngoja nimpigie mwenyewe." Akapiga. Wakaongea Kidigo kwa kirefu, kulikuwa na kucheka katikati. Uamuzi ukatoka: alale, alipe mgonjwa akitoka, aache kitambulisho. Mama akakitoa kwenye fundo la leso, kijana akafungua droo. Ndani kulikuwa na vingine, vimefungwa kwa mpira wa manila.

Rehani, jamani. Si mtoto, alhamdulillahi, ni kadi tu. Ila hiyo kadi ndiyo inayomwezesha kusajili laini, kupokea pesa kwa wakala, kupita geti la ofisi yoyote ya serikali. Na sikuona dhuluma pale, hapo ndipo ugumu ulipo. Niliona ukarimu na deni vimekaa kiti kimoja. Mwenye gesti angeweza kumtoa. Hakumtoa. Akakaa na kitambulisho.

Kuna jambo jingine nililolisikia kwenye kaunta ile na sijalisikia Diani. Yule mama aliitwa mgeni. "Mgeni wa namba sita ashapata maji ya moto?" Lisikilize neno hilo. Katika uchumi wa bichi, mgeni ni mmoja, anatoka ng'ambo au Nairobi, na mwenyeji wa Kwale ni mpishi, mlinzi, mfua shuka, au bichi boi upande wa pili wa kamba. Kumpokea mgeni kwetu ni heshima, tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji aliyepangiwa kupokea maisha yake yote asipokelewe hata siku moja, huyo haponi. Gesti ya Sh1,000 ni mojawapo ya sehemu chache za biashara ya kulala ambapo mama wa Kinango anaulizwa kama maji yamepata moto, tena ana haki ya kununa.

Na neno lenyewe lina damu. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu wakahama, kwa kuwa walionekana wabara, wa kuja, wageni. Watalii wakafuta safari, resoti zikafunga milango. Kwa hiyo mwandishi anayeweka kaunta ya gesti kwenye hadithi ya pwani hii, na nyuma ya kaunta Mdigo, na mbele yake Mkamba anayeuza sabuni, na kitabu kinachouliza unatoka wapi, ameshika kitu kizito kuliko anavyodhani. Swali hilo limeulizwa kwa sauti nyingine hapa.

Ila sisi tunafanya nini na gesti? Sisi wa Nairobi na Mombasa tunaoshuka SGR Miritini Ijumaa jioni, tunaogawana kotage ya Airbnb watu wanane? Tunaifanya kichekesho. Picha ya ndara zisizolingana, kicheko, twende bichi. Na kwenye hadithi fupi zetu za Kiswahili, angalau zile ninazozisoma mimi, mlango wa gesti ukifunguliwa unajua ni mawili: fumanizi au maiti. Mtu hafiki gesti kwa sababu matatu ya mwisho imeondoka. Hafiki kwa sababu ana mgonjwa. Meja Mwangi alituonyesha mwaka 1976, na Going Down River Road, kwamba vyumba vya bei ya chini na baa zake vinabeba riwaya nzima bila kuomba radhi, na sijaona kwa nini River Road iwe na haki hiyo Msambweni isiwe nayo.

Sisemi Seidl angepaswa kutengeneza filamu hiyo. Alikuja kutazama wenzake, na aliwatazama bila huruma, kazi nzuri. Gesti si kazi yake. Ni yetu, sisi tunaojua kwamba "menejimenti" ya gesti ni mzee mmoja mwenye simu ya vitufe, na kwamba yeye naye anadaiwa simiti ya ghorofa ya pili. Kwa anayetaka kujaribu, mimi ningeanzia saa nne kasorobo asubuhi, muda wa vyumba kuachwa. Dada wa usafi ameshabisha milango yote na kushika hesabu kichwani, chumba gani kinatoka, chumba gani kinalala tena. Na kijana wa kaunta anamsikiliza mtu akishuka ngazi polepole, bila begi.