Chusa, Nyama na Neno «Mwisho»: Vitabu Viwili juu ya Lamalera

Wakazi wa Lamalera, kijiji cha kisiwa cha Lembata nchini Indonesia, wanajulikana kwa kuwinda nyangumi wakubwa wenye meno kwa chusa cha mkono. Mrusha chusa, aitwaye lamafa, husimama kwenye omo ya chombo, kisha hujirusha pamoja na mpini wa mwanzi ili uzito wa mwili wake uzamishe chuma mgongoni mwa mnyama. Vitabu viwili vinaieleza kazi hiyo: Sea Hunters of Indonesia cha R. H. Barnes (1996) na The Last Whalers cha Doug Bock Clark (2019).

Barnes anaandika kwa subira ya mwanaanthropolojia. Ubora wake hauko katika kusimulia ushujaa wa lamafa, bali katika kuifuatilia nyama baada ya mawindo. Kila sehemu ya nyangumi ina wenyewe: ukoo wenye chombo, mabaharia, seremala, mhunzi. Hatimaye wanawake hubeba nyama iliyokaushwa hadi vijiji vya milimani na kuibadilisha kwa mahindi. Kwa hiyo chusa ni mwanzo tu wa mfumo wa haki na wajibu. Dosari ya kitabu ni kwamba wingi wa orodha hufunika sauti za watu.

Clark anaiondoa dosari hiyo. Anawafuata vijana na wazee mmoja mmoja, na msomaji anaona jinsi mashua za injini zinavyowagawanya. Hata hivyo, jina la kitabu linaleta tatizo. Kuwaita watu «wavuvi wa mwisho» ni kuwahukumu kabla ya kuwaeleza. Johannes Fabian, mtafiti wa Kiswahili cha Katanga, alionyesha katika Time and the Other (1983) kwamba wanaanthropolojia huwaweka wanaowachunguza katika wakati mwingine, kana kwamba hawaishi leo. Jina la Clark linanasa katika mtego huo, ilhali kurasa zake zenyewe zinaukanusha: watu wanaotumia injini na kuendelea kugawana nyama kwa taratibu za koo ni watu wa leo.

Jambo hili linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili cha Kongo, lugha ambayo mara nyingi imeitwa mabaki yaliyoharibika ya lugha ya pwani. Anayetangaza kifo cha desturi au cha lugha huacha kuuliza inavyofanya kazi. Barnes aliuliza swali hilo. Ndiyo sababu inafaa asomwe kabla ya Clark.