Kitufe cha Kufuta Hakikupaswa Kuwepo

Zana iliyoonyeshwa kwa hadhira Mikumi inasoma msimbo mkongwe wa Visual Basic 6 na kuchora ramani safi ya taratibu zinazoitana. Vijana walioitengeneza wanastahili pongezi kwa hilo. Kisha wakaiwekea kitufe kinachofuta kila utaratibu ambao ramani haioni mwitaji wake. Hapo walikosea, na walikosea vibaya.

Mliokuwepo kwenye onyesho hilo mliona. Programu ya malipo ya ushirika wa wakulima wa miwa ilifunguliwa, taratibu kadhaa zikageuka kijivu kuonyesha kuwa ni mfu, kitufe kikabonyezwa, malipo ya mkulima mmoja yakakokotolewa, ukumbi ukapiga makofi. Lakini mkulima yule wa mfano hakuwa na mkopo wa mbolea. Katika programu ile makato ya mkopo huitwa kwa amri ya CallByName, na jina la utaratibu limehifadhiwa kwenye jedwali la kanzidata. Zana inayosoma msimbo peke yake italionaje? Hata kompaila hupita bila kulalamika. Kosa hujitokeza programu inapofanya kazi, siku anapofika mwenye mkopo. Na palipo na amri ya kuruka makosa, On Error Resume Next, kama ilivyojaa katika programu za zama zile, halitajitokeza kabisa: makato hayatakatwa, fedha zitatoka, na deni litabaki shingoni mwa ushirika.

Isitoshe, hesabu za kufunga msimu hufanyika mara moja kwa mwaka. Anayeuita utaratibu wa hesabu hizo mfu katikati ya mavuno hajui miwa inavyolipwa.

Hatari ya kubadili msimbo kwa upofu ilikwisha kufikiriwa. William Opdyke, katika tasnifu yake ya 1992 kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, alidai kila badiliko la msimbo liwe na masharti ya kutimizwa kwanza. John Brant na Don Roberts, wa chuo hicho hicho, walitengeneza zana ya kubadili msimbo, Refactoring Browser ya Smalltalk, lugha ambamo ni vigumu kumjua mwitaji kwa kusoma tu. Wao walifunika utaratibu, wakaiacha programu ifanye kazi, na kila mwitaji alipojitokeza wakamrekebisha. Nani kati yetu leo ana subira hiyo?

Nimesema tangu zamani, na nitarudia: ujasiri wa kutupa msimbo usioeleweka ulichangia kuiangusha Netscape, kampuni ya kivinjari, ilipoamua mwaka 1998 kuandika msimbo wake upya huku washindani wakisonga mbele. Kufuta kwa kitufe kunatokana na kiburi kile kile.

Kitufe kiondolewe. Mahali pake pawe na kinasa kinachorekodi kila mwito kwa msimu mzima. Kabla ya kugusa mstari wowote, malipo yote ya msimu uliopita yakokotolewe tena na kulinganishwa, shilingi kwa shilingi. Michael Feathers alifundisha majaribio ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2004. Mkulima wa miwa hana namna ya kukagua msimbo unaokata fedha zake. Anayeutengeneza ndiye mwenye wajibu wa kuukagua.