Pongezi kwa wanaomsimulia Mutombo

Dikembe Mutombo, mchezaji wa kikapu kutoka Kongo, alistaafu mwaka 2009, kwa hiyo kijana wa Masisi, huko huko Kongo, anayedunda mpira leo hakumwona uwanjani. Akimjua, ni kwa sababu yupo kocha aliyemsimulia, na kocha huyo nampa pongezi zangu zote. Asimulie Mei 1994, timu yake ya Denver, ya nane katika kanda ya Magharibi ya NBA, ilipoitoa Seattle iliyoongoza kanda hiyo, na Mutombo akalala chini ameushika mpira kwa furaha. Asimulie mipira 3,289 aliyoizuia, na kile kidole cha kukataza alichokitikisa baada ya kuzuia. Lakini wasimuliaji bora, kwangu mimi, hufika hadi Kinshasa, kwenye hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake, Biamba Marie, aliyefariki mwaka 1997. Mutombo mwenyewe alitutoka Septemba 2024.