Istilahi za Ustawi wa Jamii: Juu ya "Mgonjwa", "Mlemavu" na "Mlezi"

Mijadala ya istilahi za Kiswahili aghalabu huelekea kwenye sayansi na isimu. Istilahi za ustawi wa jamii husahauliwa, ingawa huko neno moja laweza kumchelewesha mtu kupata haki yake.

Ichukuliwe hali iwezayo kutokea Milimani, jijini Nakuru. Binti amwuguza mama yake wa miaka 62, aliyepooza kwa kiharusi. Afikapo ofisini asema, "Nina mgonjwa nyumbani." Huelekezwa hospitali. Kiswahili chake hakina kosa. "Mgonjwa" ni neno la heshima kwa mzazi, na "kiwete" lingekuwa tusi. Lakini mpango wa Inua Jamii haumtambui mgonjwa. Huwatambua wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watoto walio katika dhiki, na watu wenye ulemavu mkubwa. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Umri wa mama huyu haujatimia. Limebaki neno "ulemavu", nalo hudai tathmini ya madaktari na kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hatua ambazo peke yake hazimwingizi mtu katika malipo.

Ni kweli kwamba istilahi hii imepata adabu. "Kilema", "kipofu" na "kiziwi" zabeba kiambishi cha vitu. "Mlemavu" lilimrudisha mtu katika umbo la M-WA, na "mtu mwenye ulemavu" likautanguliza utu wake. Adabu hiyo haikuleta uwazi. Wapo watarjumu wasemao "ulemavu mkali", kana kwamba ni mbwa! Kipimo chenyewe si ukali wala maumivu, bali kuhitaji kuangaliwa na mtu mwingine daima. "Ulemavu wa kuhitaji mwangalizi" ni kauli ndefu, lakini binti angeitambua mara moja kuwa yamhusu mama yake.

Tatizo la "mlezi" ni kubwa zaidi. Mlezi ni yule aliyemkuza mtoto. Aliyelelewa na mama huyu atajiitaje mlezi wake pasipo kusita? Akiulizwa mlezi ni nani, huenda akamtaja marehemu nyanya yake. "Mwangalizi" lingefaa zaidi.

Katiba ya mwaka 2010 yakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo fomu nyingi zingali za Kiingereza, na binti hutegemea tarjuma ya karani aliye zamu siku hiyo.