Wema wa Kuzaliwa au wa Kujengwa? Maoni Juu ya Wema Hawajazaliwa

Riwaya ya Ayi Kwei Armah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1968 na kufasiriwa na Abdilatif Abdalla mwaka 1976, imezoeleka kusomwa kama kilio juu ya uozo wa nafsi za watu. Chinua Achebe aliishutumu kwa sababu aliona kuwa ugonjwa unaoelezwa humo si wa Ghana bali ni wa wanadamu popote walipo. Makala haya yanapingana na usomaji huo. Tunaonelea kwamba Armah ameeleza kwa usahihi mkubwa jinsi ofisi za nchi moja zilivyogeuzwa kuwa vyombo vya wizi.

Jina lenyewe la tafsiri lahitaji kutazamwa. Mfasiri angeweza kusema "wazuri", lakini uzuri ni wa macho, na Mswahili ameonywa zamani juu ya uzuri wa mkakasi. Kwa kuchagua "wema" amelipeleka neno kwenye tabia. Hata hivyo, kiambishi cha kitenzi chatulazimisha tufikirie watu: hatukuambiwa kwamba wema haujazaliwa, bali kwamba watu wema hawajazaliwa. Msomaji huweza kudhani kwamba kazi yake ni kungoja uzazi.

Matukio ya riwaya yanasema vingine. Mhusika mkuu, karani wa reli asiyetajwa jina, anaikataa hongo ya mfanyabiashara wa magogo anayetaka mabehewa. Je, kukataa kwake kunazuia nini? Karani mwenzake anaipokea, na magogo yanasafiri. Hana afisa wa kumpelekea habari wala sheria ya kumkinga. Nyumbani mkewe anamwona mpumbavu. Waziri Koomson naye ananunua mashua kwa kutumia jina la mke huyo, kwa kuwa jina la waziri halifai kuonekana. Huu si udhaifu wa mtu mmoja aliyeshindwa na tamaa. Ni uhalifu uliopangwa, wenye hati, sahihi na mgawanyo wa kazi kutoka wizarani hadi bandarini.

Mapinduzi ya Februari 1966 yanapomwangusha Nkrumah, Koomson anatorokea kwenye tundu la choo, kisha anahonga ili aondoke kwa mashua ile ile. Baadaye, kwenye kizuizi cha barabarani, polisi wa serikali mpya wanapokea chochote kutoka kwa dereva wa basi. Wakubwa wamebadilika, utaratibu haukuguswa. Methali yetu yasema samaki mmoja akioza huoza wote. Armah atufundisha kulichunguza na tenga.

Kasoro ya riwaya iko hapa: mwandishi ameuona ugonjwa wa tenga, lakini hakumpa mhusika wake mwenzi yeyote wa kulisuka upya. Mwalimu amejitenga na jamii, na karani anabaki na usafi wake peke yake. Bunge la Ghana lilipopitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda Ofisi ya Mwendesha Mashtaka Maalumu, lilikiri kwamba uadilifu wahitaji chombo. Chombo hicho nacho chaweza kunyimwa nguvu. Lakini karani wa Armah, laiti angekuwa na mlango wa kubisha, asingehitaji kungoja wema wazaliwe.